Walidhani Kaske Imeziba Masikio Yangu

"Huyu hasikie kitu," mchumba wangu Frédéric alisema nyuma ya mgongo wangu. "Sema tu."

Na Claire, rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, akasema.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele, katika ukumbi wa kanisa letu hapa Nyamianda, mjini Uvira. Mazoezi ya chorale, yaani kwaya yetu, yalikuwa yamekwisha na waimbaji wameondoka. Kichwani nilikuwa nimefunga kitambaa. Chini ya kitambaa nilivaa kaske ya kusikilizia muziki, na waya wake ulishuka hadi kwenye MP3 ndogo iliyokuwa mapajani mwangu.

Wao wawili walikuwa nyuma yangu, kwenye kinanda.

Kabla ya kusema maneno hayo, Frédéric alikuwa ameniita.

"Jolie."

Sikujibu. Nilikuwa nasikiliza mahali ambapo alto wetu wanakosea, na sikutaka kupoteza mahali hapo.

"Jolie, sheri."

Hata alipoongeza neno hilo la mapenzi, sikujibu. Ndipo akamhakikishia Claire kwamba sisikii.

"Sasa ile wimbo utanipatia lini?" Claire aliuliza.

"Sauti za banamuke unazijua tayari. Inabakia za banaume. Hajabafundisha bado, anazirekodi mu ile MP3 yake. Akimaliza, nitakopiya kadi yote."

"Kule tamasha ya Kamanyola batauliza nani alitunga."

"Weye njo ulitunga. Nani atabisha?"

"Si yeye?"

"Atalia wiki moja, kisha atanyamaza. Jolie ni mutu wa vitabu. Hana makelele."

"Na ndoa yenu?"

"Ndoa gani? Ningekuwa naitaka ile ndoa, ningekuwa hapa na weye?"

Kisha kukawa kimya... kimya cha aina ambayo mtu mzima haulizi maana yake.

Wasomaji wangu, sikugeuka. Nilibonyeza kitufe, muziki ukasimama, nami nikaendelea kutikisa kichwa taratibu kana kwamba wimbo bado unaendelea.

Nilisikia mpaka mwisho.

Najua mnajiuliza niliwezaje kusikia wakati nimevaa kaske. Frédéric naye angejiuliza hivyo, kama angekuwa mtu wa kujiuliza mambo.

Siku aliponivisha pete, Frédéric alinipa zawadi ya kaske kubwa nyeusi, ile inayomeza sikio lote. Ilikuwa nzuri kuitazama. Besi yake ilitikisa hadi taya. Ukiivaa, dunia inafungwa nje. Mara nyingi alinikuta nimeivaa, akaniita, nisisikie mpaka aniguse bega.

"Ukivaa hii, hata nyumba ikiungua hautajua," alikuwa akicheka.

Nilishukuru. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia, na hisia hazibadilishi vipimo.

Ninavaa miwani. Kaske ile ilibana mikono ya miwani kwenye fuvu hadi kichwa kikaanza kugonga kabla sijamaliza kusikiliza nyimbo tatu. Joto la hapa kando ya ziwa mnalijua, masikio yalitoka jasho kama nimeyapika. Shingo ilichoka. Na besi ile tamu ilikuwa inafunika sauti za katikati, wakati kazi yangu yote katika chorale, kama mtunzi na mwalimu wake, ni kutenganisha sauti nne na kusikia ipi imeteleza.

Kwa hiyo nilikwenda sokoni, kwa Manirakiza, anayeuza redio na nyaya anazovusha kutoka Bujumbura.

"Mwalimu, kamata hii," aliniambia. "Iko na besi ya kuua mutu."

"Sijaja kutafuta kifo. Nipe ile nyepesi, yenye sponji."

"Ile? Ile ni ya bazee ba kusikiliza habari."

"Basi bazee wana akili. Nipe."

Niliivaa bila kuichomeka popote, nikaanza kumuuliza habari za wakwe zake. Alinijibu kwa muda, kisha akasita.

"Lakini mwalimu, mbona hausikilize kitu? Waya unaning'inia tu."

"Nasikiliza masikio yangu kwanza. Endelea, mama mkwe akasemaje?"

Tulipomaliza habari za mama mkwe, miwani ilikuwa bado hainiumi. Niliinama kama mtu anayefunga kiatu, kaske haikuanguka. Niliichomeka, nikapinda waya pale unapoingia kwenye mashine, haikukwaruza. Nilisikiliza sauti ya mtu mmoja anayeimba bila chombo chochote, kwa sababu ngoma na besi huficha kasoro za kaske mbovu. Pande zote mbili, kulia na kushoto, zilikuwa sawa.

"Nakuambia ukweli, mwalimu," Manirakiza alisema. "Hii haizuie makelele. Mutu akisema karibu yako, utamusikia."

"Najua. Sponji haizibi."

"Na bado unaitaka?"

"Naishi kando ya barabara. Ni afadhali nisikie pikipiki inakuja."

Bei yake haikufika ya kitenge cha kawaida. Nilirudi nayo nyumbani, na sikumwambia Frédéric, ili zawadi yake isidharauliwe. Chini ya kitambaa cha kichwani hakuona tofauti. Aliona waya, akajua Jolie amefungwa nje ya dunia kama kawaida.

Sasa, wimbo wenyewe.

Mdogo wangu Bienvenu alikuwa tenor wa chorale yetu. Mto Mulongwe ulipofurika na kushuka na mawe hadi mtaani, alirudi ndani kumtoa jirani. Jirani alitoka. Yeye hakutoka. Kwa muda mrefu sikutunga kitu. Kisha nikautunga wimbo huo, na jina lake limo katika ubeti wa kwanza.

Kumbe huo ndio waliotaka kuuiba. Mchumba ningeweza kumwacha aende, wanaume wanaoondoka si habari mpya. Lakini jina la ndugu yangu lisimame Kamanyola mbele ya watu kama utunzi wa Claire? Hapana.

Nilitoka ukumbini siku hiyo nikiwaaga wote wawili kwa mkono.

"Umechoka, sheri?" Frédéric aliuliza.

"Kidogo. Bado nina sauti za wanaume za kurekodi."

"Fanya polepole. Muzuri haitaki haraka."

"Kweli kabisa," nilimjibu.

Niwaeleze jinsi chorale zetu nyingi zinavyojifunza, kwa sababu kila kitu kilisimama hapo. Waimbaji wengi hawasomi noti. Mtunzi anaimba kila sauti peke yake na kuirekodi: soprano, alto, tenor, besi. Mwimbaji anapewa sauti yake tu, anaisikiliza shambani, njiani, jikoni, mpaka iingie damuni. Siku ya kukutana, wanaunganisha.

Kila mtu anajifunza peke yake. Hakuna anayesikia wimbo mzima hadi siku ile ya kuunganisha.

Nilikaa mezani, nikaandika tenor mpya na besi mpya.

Sikupandisha wala kushusha noti tu. Hilo mpiga kinanda yeyote angelirekebisha kwa kidole kimoja. Niliandika sauti mbili nzuri sana, zenye kuingia kichwani upesi, lakini zilizotungwa kwa safari nyingine. Soprano inapopanda kuelekea mwisho wa mstari, besi yangu inageukia njia yake. Alto anapopumzika, tenor ndiyo kwanza anafika. Ukisikiliza moja moja, unasema huyu dada ana kipaji. Ukiziweka pamoja, unatafuta mlango wa kutokea.

Niliziimba zote kwa sauti yangu, besi nikiiimba juu kama tunavyofanya wanawake tunapofundisha wanaume, nikaziweka kwenye kadi.

Tenor ya kweli sikuirekodi popote. Niliitunga kwa namna ya Bienvenu, aliyekuwa anachelewa kidogo kuingia kila mara, na hakuna aliyeweza kumkasirikia. Hiyo ilibaki kichwani mwangu.

Kwenye mazoezi yaliyofuata niliacha MP3 juu ya benchi na kutoka nje kumsalimia Maman Agathe, mke wa mchungaji. Tulizungumza hadi mazungumzo yakaisha yenyewe. Niliporudi, Frédéric alikuwa anapangusa kinanda ambacho hakikuwa na vumbi. MP3 ilikuwa mahali pake. Kifuniko kidogo cha kadi kilikuwa hakijafungwa vizuri.

"Umemaliza sauti za banaume?" aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Ziko muzuri?"

"Moja moja, ni nzuri mno."

Sikumdanganya hata neno.

Siku chache baadaye Claire aliacha kuja mazoezini, eti shangazi yake ni mgonjwa huko Kamanyola. Frédéric naye akaanza kupata safari za kwenda kutengeneza vinanda vya watu kule kule. Kila mara aliporudi aliniletea ndizi kutoka ile tambarare ya njiani.

Nilizila. Zilikuwa ndizi nzuri.

Siku ya tamasha la chorale nilipanda gari kwenda Kamanyola. Wakati huo barabara ya tambarare ilikuwa bado inapitika. Nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi, kati ya akina mama waliokuja na watoto mgongoni.

Mama mmoja aliyekaa karibu yangu, Anne-Marie, aliimba alto katika chorale ya wenyeji na zamu yao ilikuwa karibu. Alikuwa amekunja uso.

"Mama, mbona hauna furaha na leo ni siku yenu?" nilimuuliza.

"Furaha itoke wapi, dada? Jana tuliunganisha sauti. Ilikuwa sawa vile watu banagombana mu nyumba."

"Na mwalimu wenu alisemaje?"

"Yule Frédéric? Alisema banaume habakujifunza. Alibatukana. Papa Pierre wa besi alitaka kumupiga."

"Na leo mtafanyaje?"

"Alisema banaume baimbe polepole, yeye atafunika na kinanda."

Nilitazama mbele. Mezani alikaa mkuu wa waamuzi, mwalimu Sévère, mzee aliyefundisha muziki kwa miaka mingi katika seminari. Alisimama na kukumbusha sheria ya tamasha: ubeti wa kwanza unaimbwa bila chombo chochote.

Nilimwona Frédéric akiondoa mikono kwenye kinanda, polepole, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Anne-Marie alikwenda kujiunga na wenzake, na Claire akasimama mbele, amevaa vizuri kweli. Mtangazaji akasema: "Wimbo umetungwa na dada Claire, kwa kumbukumbu ya ndugu mpendwa Bienvenu."

Ndugu mpendwa. Hawakuona hata haja ya kubadilisha maneno. Jina la Bienvenu lilikuwa limeachwa lilivyo, kama vile halina mwenyewe.

Wakaanza.

Soprano waliingia safi. Alto wakafuata. Kisha wanaume wakaingia na zile sauti nilizowaandikia, wakaziimba kwa uaminifu, bila kukosea hata mahali pamoja...

Mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake aliamka akalia.

Watu walianza kucheka kwa kuficha, kisha bila kuficha. Claire alipandisha sauti ili awafunike, ikawa mbaya zaidi. Mwalimu Sévère aliinua mkono.

"Simameni. Simameni kwanza."

Ukumbi ukatulia.

"Sijasikia kitu kama hiki, na nimesikia mengi," alisema. "Mutunzi iko wapi?"

Claire aliinua mkono.

"Minye, mwalimu."

"Vizuri, binti yangu. Saidia banaume bako. Baimbie besi yako, mustari wa kwanza tu."

Claire alimtazama Frédéric. Frédéric alitazama kinanda.

"Mwalimu, ni banaume habakujifunza," Frédéric alisema. "Besi yenyewe iko, lakini..."

"Sikukuuliza weye. Nauliza mutunzi."

Claire alifungua mdomo. Alijaribu noti moja, akaiacha, akajaribu nyingine. Alikuwa anatafuta besi ndani ya soprano, na besi haikuwemo.

Hapo mwanaume mmoja mnene wa safu ya nyuma alisogea mbele. Nilijua ndiye Papa Pierre kabla hajatajwa.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Huyu kijana anasema hatukujifunza. Minye nimelima na hii besi mu masikio, nimelala nayo, bibi yangu anaijua. Tuliimba vile kadi inasema. Kama kadi inasema uongo, aseme mwenye kuimba mu kadi."

"Na nani aliimba mu kadi?" mwalimu Sévère aliuliza.

"Ni mimi mwenyewe," Claire alisema haraka.

Papa Pierre alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Weye? Ile haiko sauti yako, mama."

"Ni kadi inabadilisha sauti."

"Kadi ibadilishe sauti? Sasa redio nayo inabadilisha habari?"

Watu walicheka. Nilisimama.

Nilikuwa nimepanga kusema maneno machache tu, kwa utulivu, na ushahidi wangu ulikuwa tayari kichwani: tarehe, rekodi za kwanza za soprano, waimbaji wanawake wa Nyamianda waliojifunza sauti zao mwaka uliopita. Nilianza hivi:

"Naomba ruhusa, mwalimu. Mstari wa kwanza wa besi..."

Sikuendelea. Hawakuniacha niendelee.

Safu zote mbili za wanaume ziligeuka kwa pamoja. Ilikuwa kama mtu amewaita kila mmoja kwa jina lake. Papa Pierre alininyooshea kidole.

"Njo yeye! Njo ile sauti ya mu kadi."

"Ni yeye, ni yeye," tenor walisema.

Ndugu zangu, hilo sikulipanga. Nilihesabu kila noti ya mtego ule, lakini sikuhesabu kwamba wanaume wale walikuwa wameishi na sauti yangu masikioni, wakilima, wakivusha mizigo mpakani, wakirudi nyumbani. Walikuwa wananifahamu kuliko wanafunzi wangu wanavyonifahamu. Sikuhitaji ushahidi wowote. Ushahidi ulikuwa umesimama safu mbili.

"Karibu mbele, binti," mwalimu Sévère alisema. "Jina lako?"

"Jolie. Na yule aliyetajwa kwenye wimbo ni mdogo wangu."

Nilipita mbele ya Frédéric. Alininong'oneza:

"Sheri, tutoke inje tuongee."

"Nasikia vizuri hapa hapa," nilimjibu kwa sauti ya darasani. "Siku ile pia nilikuwa nasikia, benchi la mbele. Uliniita mara mbili."

Nilimwona akikumbuka. Uso wake ulipita hatua zote, kutoka mshangao hadi aibu. Claire alikumbuka baadaye kidogo, nikaona shingo yake ikipungua urefu.

Niliwaimbia wanaume besi ya kweli. Wakairudia mara moja, kwa sababu watu wanaojifunza kwa sikio hujifunza upesi. Kisha nikaimba tenor ya Bienvenu, ile yenye kuchelewa kuingia. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwangu. Sauti ilikatika katikati, nikaanza upya, nikamaliza.

Waliuimba ubeti mzima. Hakuna aliyecheka. Anne-Marie, yule aliyekuwa amekaa karibu yangu, aliimba alto huku anajifuta kwa ncha ya kitenge.

Mwalimu Sévère aliwatoa kwenye mashindano hata hivyo, na alikuwa na haki. Chorale iliyoleta wimbo wa wizi haiwezi kupewa nafasi. Claire alitokea mlango wa nyuma. Frédéric alibaki akikunja waya za kinanda peke yake, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyemsaidia kukibeba. Niliitoa pete yake kidoleni, nikaiweka juu ya kinanda.

Nje, Papa Pierre alinifuata.

"Mwalimu, ile besi ya uongo uliiweka kwa makusudi?"

"Ndiyo, papa."

"Kwa kuaibisha bale babili."

"Ndiyo."

"Na siye? Siye tulikukosea nini? Nilikaza na ile besi mpaka ng'ombe ya jirani ikaanza kunikimbia."

Nilivua miwani kabla ya kumjibu.

"Hamkunikosea kitu, papa. Niliwapiga nyinyi ili niwapate wao."

Alikuna kidevu.

"Basi utatulipa na besi ya kweli," alisema. "Yote. Beti zote."

Hapo ndipo somo langu lilipo, na ninawaandikia nyinyi mnaosoma huku mmepanga kumkomesha mtu. Kisasi changu kilifanya kazi. Simhurumii Frédéric, simhurumii Claire, na ningefanya tena kesho. Lakini angalieni kwanza kimepita mgongoni mwa nani. Mimi sikuangalia, na waliochekwa kwanza ukumbini walikuwa watu wasio na kosa.

Na kama unatafuta kaske, chagua kwa kichwa chako, usichague kwa macho ya anayekununulia. Ivae kabla ya kuichomeka. Isikupige kelele, isikubane, isikufungie nje watu wanaosema jina lako.

Nilirekodi kadi mpya kwa ajili ya Kamanyola, sauti zote nne, za kweli. Mwanzoni mwa kila sauti nimetaja jina langu kwa ukamilifu. Mwanzoni mwa tenor nimetaja na la Bienvenu.

Juzi redio ya hapa iliupiga wimbo, chorale ya Papa Pierre ikiimba. Frédéric aliniandikia: "Nimesikia. Hongera. Kweli ni muzuri."

Sikumjibu. Nilikuwa nasikiliza besi.